Picha inatikisika thieta: mbovu ni kamera au mkono?

Fundi_Wanale (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa vifaa tiba huku mashariki mwa Uganda, upande wa Mbale. Hospitali sitaitaja, na msinichimbe.

Majuzi niliitwa thieta, yaani chumba cha upasuaji, saa mbili asubuhi. Kwenye daftari la ubovu wameandika: "Kamera ya laparoskopia mbovu, picha inatikisika." Kwa ambao hawaijui kazi hii: badala ya kupasua tumbo kwa mkato mrefu, daktari anatoboa matundu matatu au manne, anapitisha mirija inayoitwa trokari, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dioksidi ili ndani kupatikane nafasi, halafu kwenye tundu moja inaingia kamera ya chuma nyembamba, ndefu kama mwiko wa posho. Daktari haangalii tumbo, anaangalia skrini. Kamera yenyewe anaishika mtu mwingine.

Nikabadilisha kebo. Nikafungua kichwa cha kamera, nikasafisha pini moja moja. Nikaleta skrini nyingine. Hakuna lililobadilika. Mwisho nikakunja taulo mbili mezani, nikailaza kamera juu yake, nikailenga kalenda iliyo ukutani. Picha ikatulia kama maji mtungini, hata sikukuu zilizopigwa rangi nyekundu zikasomeka. Nikampa intani, daktari anayejifunza kazi, aishike. Kalenda ikaanza kucheza.

Basi kamera ni nzima. Na sikuweza kuandika daftarini "mbovu ni intani", maana kijana alikuwa ametoka zamu ya usiku na tumboni alikuwa na chai ya rangi tu. Nikaandika "kifaa kizima, kirudishwe kazini", nikasaini.

Swali: nasikia wenzetu wana mashine za kushika kamera isitikisike. Zinafanyaje kazi hasa? Na je, kuna namna ya kupata kitu cha aina hiyo huku kwetu bila kuuza hospitali nzima?

Sista_Arua

Fundi, pole na kazi. Huyo intani msimwonee. Mimi nimeshika hiyo kamera miaka. Unasimama umebanwa kati ya kiwiko cha daktari na stendi ya dripu, mkono umeunyoosha juu ya mgonjwa, saa nzima, saa moja na nusu. Dakika ya arobaini bega linawaka moto. Ukisogea kidogo unasikia "Kamera! Kamera!" kama vile kamera ndilo jina ulilopewa na wazazi.

Siri tuliyofundishana sisi kwa sisi: kiwiko bana mbavuni, ukingo wa kiganja uupumzishe juu ya shuka la mgonjwa, pumua taratibu. Na usinywe chai kabla ya kuingia. Chai inatikisa.

Mwana_wa_Wandegeya

Sista kasema kweli kuliko vitabu vyangu. Nasoma uhandisi wa vifaa tiba Makerere, niongeze kidogo.

Kila mkono wa binadamu unatetemeka, hata wa daktari bingwa. Mtetemeko wa kawaida unakwenda mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Njaa, uchovu na chai vinauongeza, lakini haufiki sifuri kamwe. Ukiwa unamenya matoke huuoni. Ukiwa na kamera inayokuza picha, kitu kilichosogea milimita moja tumboni kinaonekana kimeruka upana wa kidole kwenye skrini.

Jingine ni lile tundu. Kamera inapita kwenye ukuta wa tumbo kama kasia inavyopita kwenye kishikizo chake mtumbwini: ukisukuma mkono kulia, ncha inakwenda kushoto. Ukiinua, inashuka. Intani mgeni anahangaika na hilo, na kuhangaika kwenyewe kunaongeza mtikisiko.

Sasa mashine. Njia ni nyingi, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni mkono wa chuma usio na mota wala kompyuta. Unafungwa kwenye reli ya pembeni ya meza ya upasuaji, una viungo kadhaa, unakaza kishikizo kimoja vyote vinagoma. Unabaki ulipouacha.

Ya pili ni mkono wenye mota. Wa kwanza kupata kibali cha FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ulikuwa AESOP, mwaka 1994. Mwanzoni daktari aliuendesha kwa pedali ya mguu, baadaye ukaanza kusikia sauti: anasema nenda kushoto, unakwenda. Lakini ilibidi daktari airekodi sauti yake kwanza ili mashine imzoee. Uingereza walitengeneza mwingine, EndoAssist, ambao daktari anavaa kitu kichwani na kamera inafuata anakogeuzia kichwa.

Ya tatu ni zile kubwa kama da Vinci, iliyopata kibali mwaka 2000. Pale daktari hagusi mgonjwa kabisa. Anakaa pembeni kwenye kiti, anashika vishikizo, kompyuta inasoma mwendo wa vidole vyake, inachuja mtetemeko, inapunguza ukubwa wa mwendo, ndipo inapeleka kwa mikono ya chuma. Yeye akisogeza sentimita tatu, ndani inasogea moja.

Mzee_Bombo

Vijana, mie nimefunga majeraha jeshini kabla baba zenu hawajaoana. Mashine inasikia sauti? Haya, nikikohoa je? Na umeme ukikatika kamera imo ndani ya tumbo la mtu, hiyo mikono ya chuma inafanya nini? Inamwangukia?

Mnaongea kama watu wa nchi ambazo taa hazizimi.

Lori_Malaba

Mzee shikamoo. Mimi si mtu wa hospitali, natengeneza breki za malori hapa mpakani, lakini hilo swali lako naliweza.

Lori kubwa linatumia upepo kwenye breki. Watu wengi wanadhani upepo ndio unaokaza breki ya maegesho. La! Kinachoikaza ni springi, na upepo kazi yake ni kuiachia. Mpira unaopitisha upepo ukipasuka, upepo ukaisha, springi inabana na lori linagoma papo hapo. Ndiyo maana mnaona malori yamekwama katikati ya barabara na dereva anazunguka akitukana.

Kama hao wenye mikono ya mota wana akili, watakuwa wamefanya vivyo hivyo: umeme unaachia breki, umeme ukienda springi inabana. Mkono unaganda hapo ulipo. Haumwangukii mtu.

Mwana_wa_Wandegeya

Lori_Malaba umeua kabisa. Ndivyo breki za viungo vya roboti nyingi zilivyo. Umeme ukikatika zinafunga.

Sista_Arua

Haya, imeganda. Na mimi nataka kuitoa kamera tumboni kwa haraka kwa sababu skrini imezima, mashine ya gesi imezima, na daktari anataka kufungua tumbo kwa mkono. Nafanyaje?

Lori_Malaba

Kwenye lori kuna boliti nyuma ya breki. Unaizungusha kwa spana, inavuta springi, gurudumu linaachia, unalivuta lori. Hapo pia lazima pawe na kitu kama hicho, cha kuachia kwa mkono bila umeme. Kisichohitaji spana, lakini.

Fundi_Wanale

Mmenifungua macho. Hicho kishikizo cha kuachia kwa mkono ndicho nitakachokiangalia kwanza kwenye mashine yoyote watakayotuletea kama msaada. Tumeshaletewa vitu vizuri vyenye plagi ya nchi ya watu na kitabu cha maelezo kwa lugha ambayo hata Google inaihurumia.

Mwana_wa_Wandegeya, kuna kitu sijaelewa. Hiyo kompyuta inajuaje kwamba mwendo huu ni mtetemeko na huu ni daktari anataka kusogea kweli?

Mwana_wa_Wandegeya

Swali zuri, ndipo palipo na utamu.

Mwendo wa makusudi ni wa polepole. Daktari anapoelekea kwenye mshipa, mkono wake unabadilisha mwelekeo mara moja au mbili kwa sekunde. Mtetemeko ni mara 8 mpaka 12. Kwa hiyo unaweka kichujio: cha polepole kipite, cha haraka kibaki nje. Kama chekeche la unga.

Tatizo ni kwamba chekeche linachukua muda. Ili kompyuta ijue kwamba huu ni mtetemeko, lazima iutazame kidogo kwanza, na wakati inautazama, chombo kinachelewa nyuma ya mkono. Ukichuja kwa ukali sana daktari anahisi anaendesha gari lenye usukani uliolegea: anakata kona, gari linafikiria kwanza.

Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, Cameron Riviere, aliyeliendea jambo hili kwa upande mwingine. Mtetemeko una mdundo. Kama una mdundo, kompyuta inaweza kuujifunza, ikabashiri pigo linalofuata, ikalisukuma kinyume wakati uleule. Haingoji lipite ndipo ilichuje. Yeye na wenzake walitengeneza kifaa cha kushika mkononi kama kalamu, kinaitwa Micron, chenye ncha inayojisogeza yenyewe kinyume na mtetemeko. Hicho ni kwa ajili ya upasuaji wa jicho. Nyuma ya jicho, kwenye retina, mkono unatetemeka kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita, karibu unene wa unywele, na mishipa unayotaka kuifikia ina unene kama huohuo.

Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani pia, walikuja na wazo jingine tena, roboti ya Steady-Hand ya kina Russell Taylor. Hapo daktari na roboti wanashika chombo kimoja kwa pamoja, kama mtu anayemshika mtoto mkono kumfundisha kuandika. Roboti inahisi daktari anasukuma wapi na kwa nguvu gani, inasogea huko taratibu. Mtetemeko hauna nguvu ya kuisukuma. Hiyo mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mkono wa daktari haujaondoka kwenye kazi. Na mwaka 2016 kule Oxford walifanya upasuaji ndani ya jicho la mtu kwa roboti kwa mara ya kwanza.

Mzee_Bombo

Kwa hiyo mashine inajua nitatetemeka kabla sijatetemeka. Makubwa.

Dkt_Namatala

Uzi mzuri. Nimeusoma wote nikila rolex (chapati ya kuviringisha na mayai), nimechafua simu.

Ninaomba niwarudishe Mbale kidogo, maana mnaongelea Oxford na Marekani wakati jambo kubwa la upasuaji wa tundu dogo limetoka hapa hapa chini ya Mlima Elgon. Hospitali ya watoto ya CURE. Daktari Benjamin Warf alikuja mwaka 2000, akakuta watoto wenye kichwa kikubwa, maji yamejaa kwenye ubongo, wengi wao baada ya maambukizi ya utotoni. Tiba ya kawaida ilikuwa kuweka mrija wa kutoa maji kutoka kichwani mpaka tumboni. Mrija ukiziba na mtoto yuko kijijini mbali na hospitali, mtoto anakufa.

Yeye akachanganya mambo mawili kwa kamera nyembamba inayopinda: anatoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia nyingine, halafu anachoma tishu inayotengeneza hayo maji. Mtoto anaondoka bila mrija. Njia hiyo sasa inatumika nchi nyingi, na mwaka 2012 alipewa tuzo ya MacArthur.

Kwa nini nawaambia? Kwa sababu chini ya ile sakafu kuna mshipa mkubwa wa damu wa ubongo. Ukikosea kidogo tu, ndio basi. Kwa hesabu zenu hapo ndipo mkono wa chuma ungehitajika kuliko popote. Lakini kamera ile inapinda, inaingia chumba cha kushoto, inarudi, inaingia cha kulia, inaifuata ile tishu ilikojificha. Ukiifunga kwenye mkono uliokazwa umeua faida yake. Pale daktari anatulia kwa dakika chache tu za kutoboa, muda mwingine wote anatembea. Kifaa cha kutuliza kinachochukua dakika tano kufunga na tano kufungua hapo ni mzigo.

Kwenye mfuko wa nyongo ni tofauti. Kamera inakaa mahali pamoja muda mrefu, inasogezwa mara chache. Hapo mkono wa chuma una kazi. Kwa hiyo fundi, kabla ya kuuliza mashine gani, uliza upasuaji gani.

Na neno moja kwa wahandisi. Mkono wowote wenye mota lazima ulijue lile tundu. Kamera iruhusiwe kuzunguka kwenye tundu, isilivute pembeni. Roboti ikisukuma kamera kana kwamba tumbo ni hewa tupu, itachana ukuta wa tumbo. Da Vinci imejengwa kwa viungo vinavyozunguka nukta moja isiyosogea, na nukta hiyo inawekwa palepale kwenye tundu. AESOP waliondoa mota kwenye viungo vya mwisho ili vifuate tumbo vyenyewe.

Sista_Arua

Daktari asante. Mimi nina la kwangu la kila siku: ukungu. Kamera ikiingia kwenye tumbo lenye joto, kioo kinashika ukungu. Au damu inaruka. Sisi tuna chupa ya chai ya maji ya moto kando, iliyotengwa kwa kazi hiyo (kuna siku mgeni alitaka kujimiminia). Naitoa kamera, naichovya, naifuta, naipitisha kwenye trokari tena. Inatokea mara nyingi tu kwa upasuaji mmoja. Huo mkono wa chuma, kila mara niufungue, niutoe, niurudishe palepale?

Na taa. Ncha ya ile kamera ina mwanga mkali kiasi cha kuunguza shuka. Ikitoka tumboni ikasahaulika imening'inia kwenye mkono wa chuma inaelekea shukani, mtaona moshi.

Dkt_Namatala

Sista, hayo mawili ndiyo yaliyowashinda wengi. Mashine nzuri inakuruhusu kuitoa kamera kwa mkono wako mmoja na mkono wa chuma ukabaki ulipo.

Intani_Fulani

Wakuu, mimi si yule wa Mbale lakini ningeweza kuwa yeye.

Jambo moja hamjaligusa. Kushika kamera ndiyo shule yetu. Ndipo ninapoona daktari anaanzia wapi, anakwepa nini, kwa nini amesimama hapa. Nikishika vibaya anafoka, lakini najifunza. Mkileta mkono wa chuma, mimi nitapelekwa kuvuta ngozi au kuandika mafaili. Halafu miaka mitano baadaye mtashangaa kwa nini sijui upasuaji wa matundu.

Mzee_Bombo

Huyu kijana ana hoja. Mpeni chakula kwanza, mashine baadaye.

Fundi_Wanale

Intani, hoja yako nimeichukua na nimeipeleka kwa mkuu wa thieta. Amecheka, hajasema ndiyo wala hapana.

Wakuu, nimerudi na matokeo. Jumamosi nilichukua boksi la katoni la mafuta ya kupikia, nikatoboa matundu, ndani nikaweka mahindi na pini za kuokota, kamera ni ya zamani iliyofutwa kazi. Nikafunga kamera kwenye stendi ya maikrofoni ya kanisa. (Nimeirudisha, msiniulize.)

Picha ilitulia vizuri. Mke wangu aliokota punje kumi na mbili bila kuangusha hata moja, na hajawahi kuingia thieta. Halafu nikaiacha nikaenda kunywa maji. Niliporudi baada ya kama dakika ishirini, kamera ilikuwa imeinama yenyewe, punje zimetoka kwenye picha. Kiungo cha stendi kinateleza polepole kwa uzito. Kwenye katoni ni kichekesho. Kwenye ini la mtu si kichekesho.

Kwa hiyo nimefikiria kiungo cha duara kama mpira, kinachokaa ndani ya kikombe, kinachokazwa kwa skrubu moja ndefu. Kuna jamaa kule Katwe, Kampala, anaweza kunichongea.

Dkt_Namatala

Kwa katoni, ruhusa. Kwa mgonjwa, mpaka kipite kamati ya hospitali na vibali vyote. Nakuomba hilo kama rafiki.

Halafu chuma cha Katwe kitawekwa otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa, nyuzi joto 134 na mvuke. Mzunguko wa tatu utaona kutu. Usijaribu kuchemsha mkono mzima. Tengeneza kipande cha mwisho tu kinachoshika kamera kwa chuma kisichoshika kutu, kitoke na kitakaswe. Sehemu nyingine ivalishwe soksi ndefu ya plastiki iliyotakaswa, kama wanavyovalisha kebo ya kamera.

Mwana_wa_Wandegeya

Na ukifika Kampala pita Makerere. Kuna watu walishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke kutengeneza KeyLoop, kifaa cha kuinua ukuta wa tumbo bila gesi, kwa ajili ya hospitali kama zetu. Hakuna mota, hakuna kompyuta. Utajifunza mengi kwa kukitazama tu jinsi kinavyofungwa mezani.

Sista_Arua

Fundi, kabla hujachonga chochote. Nimetoka thieta sasa hivi na rula. Thieta yetu ina meza mbili. Reli ya meza ya zamani ina kimo cha milimita 25 na unene wa 10. Ile tuliyoletewa ya msaada kutoka Marekani ni 28 na nusu hivi, na unene haufiki 10. Kibano cha hii hakikai kwenye ile. Tuna sanduku zima la vishikio vya miguu ambavyo havijawahi kutumika kwa sababu hiyo tu.

Fundi_Wanale

Sista! Umeniokoa safari ya Katwe. Mimi nilipima meza moja tu.

Nitumie picha ya reli zote mbili ukiwa umeweka rula kando, na uniambie kama zina boliti zinazochomoza kwa chini. Kibano nitakifanya cha kufunguka, chenye taya pana. Na wengine humu mlio thieta, Soroti, Lira, Hoima, popote, pimeni reli zenu muandike hapa chini.

Lori_Malaba

Mimi sina reli lakini nina springi. Ukizihitaji niambie, dereva wa kesho anapita Mbale.